Kidole Kimoja

Direkta wangu wa kwanza, mkuu wa shule nilipoanza ualimu, tulimzika siku ya Alhamisi. Ijumaa nikarudi kwenye kilio chake, maana kwetu Bukavu kilio hakiishi siku moja, na mimi ni mtu wa kumaliza nilichoanza. Nikapewa kiti na meza ya plastiki chini ya shitingi, lile turubai la kilio, sahani ya wali na maharagi, nikaanza kula bila aibu, kama anavyokula mtu aliyekwisha kuzika wengi. Ndipo mwanamke mmoja mwenye mvi akaja kusimama mbele yangu, mfuko wa plastiki mkononi, akasema: "Yambo, Madame."

Siku hizi mjini wananiita Koko, bibi. Anayeniita Madame ni lazima aliwahi kukaa mbele ya tablo yangu, ubao wa darasani. Nikainua uso, nikaona lile jicho la kushoto ambalo kope yake inashuka kidogo, na kijiko kikabaki kati ya sahani na mdomo. "Nsimire," nikasema. "Njo miye, Madame," akajibu, akavuta kiti, akakaa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amesimama miguu mitupu mbele ya shimo, wanaume wakimtoa mama yake na wadogo zake wawili chini ya udongo wa mtaa wa Kadutu. Afadhali niseme mapema: juu ya vifo vile nilikuwa na neno moja la kujitetea, neno nililolitengeneza mwenyewe, na miaka yote hii nimejifunika nalo kama blanketi. Nsimire alikuja kunivua blanketi ile mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa na maharagi mdomoni. Sijapata joto tangu siku hiyo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilijua kila kitu. Ilikuwa Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yameondolewa kwa amri ya serikali. Mimi niliyebatizwa kwa jina la mtakatifu nilibaki Faida tu, citoyenne Faida, ndiyo mwananchi Faida, mwalimu wa mwaka wa nne, masomo ya msingi, kama tunavyoita shule. Asubuhi watoto waliimba na kucheza mbele ya bendera mpaka jasho, ndipo wanaruhusiwa kugusa biki, yaani kalamu. Nilipanga chumba kwa Mama Cibalonza, mjane aliyekaanga bitumbura, maandazi yetu ya mviringo, kwenye mbabula, jiko la makaa, mlangoni pake. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya mbao ya sanduku, na dirisha ambalo ukiinamisha kichwa upande mmoja unaona kipande cha ziwa kikubwa kama leso. Ukuta kati yangu na Mama Cibalonza ulikuwa wa matete na magazeti, kwa hiyo nilijua habari za Kadutu yote kabla ya kunawa uso. Nilisikia nani ameoa, nani amekimbia salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, nyumba ya nani imeteremka kidogo. Neno hilo la mwisho walilisema kila mvua, kwa sauti ileile wanayosemea bei ya chumvi. Kadutu ni mlima uliovaa nyumba, na mlima wetu haujawahi kukaa kimya. Nilisikia na nikageukia ukuta wa pili, kwani mimi nilikuwa natengeneza masomo ya sayansi.

Sayansi yenyewe, nilipoikuta, ilikuwa picha moja ya jicho la ng'ombe iliyochorwa na padri kabla ya uhuru. Watoto waliikariri: kope, mboni, mishipa. Wengine walikuwa hawajawahi kumtazama ng'ombe machoni. Mimi nilikuwa nimefundishwa ualimu na masera mmoja, mtawa mzee aliyekuwa anatusimamisha shambani nusu saa mbele ya jani moja la kabichi mpaka tukitaka kulia. Nikaamua nami nitafanya hivyo. Nikaandika juu ya tablo, kwa chaki ya rangi: Mwenye macho haambiwi tazama. Kisha nikawaambia watoto hamsini na tatu kwamba methali ile ni uongo mtupu, kwamba mwenye macho ndiye wa kuambiwa tazama, kwani kipofu hawezi kukosea. Walinishangaa sana.

Kila mtoto alipewa kaye moja, daftari jembamba. Kila mtoto alichagua kitu kimoja, cha kutazama mwaka mzima, mahali palepale, saa ileile. Kwenye ukurasa tulipiga mistari kwa lati, ile rula: siku, saa, nimeona nini, nimepima nini. Kwa kuwa nyumbani hawakuwa na lati, kipimo kilikuwa kidole cha mtoto mwenyewe, kile cha shahada, na ilikatazwa kuazima kidole cha kaka. Na sharia kubwa kuliko zote ilikuwa hii: andika kile unaona, usiandike kile unawaza wala kile umeambiwa. Nyumbani kukiwa na ugomvi, kaye haijui. Papa akisema hivi, mama akisema vile, kaye haina masikio. Sharia ile niliipenda kama watu wengine wanavyopenda nguo mpya. Niliwapigisha kelele nayo kila asubuhi, na wao waliirudia kwa wimbo.

Mungu wangu, watoto wale. Mmoja alichagua kuku aliyelalia mayai, na kuku akachinjwa siku ya tisa. Akaandika "nimeona manyoya," akataka kujua kama aendelee. Mwingine alichagua sufuria ya mama yake, na kwa wiki tatu kaye yake ilisema maharagi, maharagi, maharagi, maharagi, na siku ya Noeli, nyama, na mstari mwekundu chini yake. Wawili walipima mvua kwenye mikebe ya nyanya. Msichana wa dawati la mbele alipima kivuli cha mnara wa kanisa mpaka padri akamwuliza kama ametumwa. Nilikuwa nakaa na kaye zile mezani pangu jioni, chai ya maziwa pembeni, kitumbura kikiacha mafuta kwenye kurasa, na nilicheka peke yangu hata Mama Cibalonza akanigongea ukuta. "We Faida, uko na mwanaume mule?" Nikamjibu niko na wanaume ishirini na nane, na wanawake ishirini na watano. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Naisema kwa sababu ni kweli, hata kama sasa inanichoma.

Nsimire alichagua ufa. Nyuma ya nyumba yao, kati ya jiko na mparachichi, udongo ulikuwa umepasuka mstari mmoja mwembamba, mrefu kupita urefu wa mtu. Nilipomwuliza kwa nini hakuchagua maua kama wenzake, alisema, "Maua iko kwa watu wote, Madame. Hii iko ya kwetu." Alikuwa mtoto mkimya, safi, mwenye mwandiko wa kuinama kulia. Baba yake alikuwa mpishi kwa mapadri, hajui kusoma. Mama yake aliuza mashanza, yale maziwa ya kuganda, akipita asubuhi na kibuyu kichwani. Alinipitishia kikombe mara mbili tatu, akakataa nisilipe. "Unatufundishia mutoto macho," aliniambia. "Sasa ananihesabia hata chumvi." Kaye ya Nsimire ilianza vizuri. Kidole kimoja. Kidole kimoja. Kidole kimoja. Kidole kimoja.

Mvua za mwaka mpya zilipoanza, namba zikaanza kucheza. Kidole kimoja na nusu. Viwili. Kimoja. Viwili. Viwili na nusu. Kimoja. Karibu na kila "kimoja" alikuwa ameandika maneno madogo pembeni: papa ameziba na udongo. Nilimwita mbele. Namwona bado, mikono nyuma, sare imepigwa pasi. Darasa zima lilikuwa linasikiliza, na mimi, kwa kweli, nilikuwa nawafurahisha.

"Nsimire, udongo ya kwenu iko mupira? Leo inafunguka, kesho inafungika?"

Watoto wakacheka. Yeye akasema polepole, "Madame, papa anaziba kila mara na udongo na majivu. Kisha inafunguka tena."

"Na tulisema nini juu ya mambo ya papa?"

"Kaye haina masikio."

"Basi?"

Akachukua biki, akakata maneno yale ya pembeni, mstari kwa mstari, kwa lati ili mkato unyooke. Nilimsifu kwa kunyoosha. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kutazama, akatazama, akaona hata sababu ya kile anachoona, nami nikamwambia sababu siyo ya kuandika. Alirudi kwenye dawati lake na namba tupu, namba za kupanda na kushuka bila mwenye kuziulizia.

Kisha direkta akaja darasani na habari kwamba inspekta anatufikia wiki ijayo. Kwa mtu asiyepitia masomo yetu, nieleze. Mtoto wa Zaïre alikuwa na kaye mbili kwa kila kitu: kaye ya brouillon, ambamo unakosea, unakata, unachafua, na kaye ya propre, ambamo unakopia upya kwa wino wa bluu na mistari myekundu, ili mkubwa akija aone kwamba katika masomo haya hakuna anayekosea. Inspekta hakuwahi kuonyeshwa brouillon, kama vile mgeni haonyeshwi choo. Direkta wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole mwenye abakosti moja, suti ya Zaïre isiyo na tai, aliyoipiga pasi mpaka inang'aa. Alifungua kaye zangu tatu nne, akaona mafuta ya bitumbura na manyoya ya kuku yaliyobandikwa. "Citoyenne Faida," aliniambia, "kazi iko muzuri. Lakini tafazali, weka yote mu propre. Na namba zikae sawa, inspekta anapendaka namba zenye kukaa sawa." Hakusema nidanganye. Hilo nalo ningependa kumtupia, sasa kwa kuwa amelala kaburini na hawezi kunijibu, lakini hakusema.

Tulikopia wiki nzima. Sayansi, hesabu, hata saa ya kuimba tulikopia. Nilipofika kwa Nsimire alikuwa ameacha nafasi ya namba tupu, akaniuliza aandike zipi. Nikazitazama zile za brouillon: moja, mbili, moja, mbili na nusu. Kichwani mwangu nikaona inspekta akinyoosha kidole pale, akiuliza citoyenne, hii ni kipimo au ni mchezo. Nikasema, "Ya kwanza kabisa ilikuwa ngapi?" Akasema kimoja. "Basi andika kidole kimoja fasi yote. Ufa hautembei, Nsimire. Ni kidole yako njo inakosea." Akatazama kidole chake. Akaandika. Siku ya Jumatatu alileta kaye imekwisha, nzuri kama kitambaa cha altare, na mkono wa sweta yake ulikuwa na tope mpaka juu. Alisimama kwenye meza yangu.

"Madame, jana jioni mukono yangu..."

"Kidole, Nsimire. Kipimo chetu ni kidole. Mukono siyo kipimo."

Akashusha ule mkono. Nilikuwa na kaye arobaini za kusaini. Nikachukua biki nyekundu, nikaandika Très bien, vizuri sana, nikaweka sahihi yangu chini, ile yenye mkia mrefu niliyokuwa naifanyia mazoezi tangu masomo ya ualimu.

Inspekta alikuja Jumanne. Alikula kuku katika biro ya direkta, akanywa chupa mbili, akaingia darasani kwangu akiwa na furaha. Alifungua kaye tatu, na ya tatu ilikuwa ya Nsimire. Aligeuza kurasa moja kwa moja, kidole kimoja, kidole kimoja, miezi sita ya kidole kimoja, akaiinua juu darasa lote lione. "Voilà mutoto mwenye kuona sawasawa," alisema. "Hakuna kuchoka, hakuna kubahatisha." Direkta alinitazama kwa jicho la shukrani. Nilimtazama Nsimire nikitaka aone fahari yangu, na yeye alikuwa anatazama dirishani. Jioni ile niliwaruhusu wote wapeleke kaye za propre nyumbani, wazazi waone.

Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi iliendelea. Tulikuwa katika hesabu, saa nne hivi, manjanja, mabati ya paa, yanapiga kelele hata nilikuwa naandika tu bila kusema, ndipo sauti nyingine ikaingia chini ya ile ya mvua. Ilikuwa kama lori linamwaga mawe, lakini lori humaliza. Hii haikumaliza. Ubao ulitikisika ukutani. Kisha ikakoma, na kukawa na mvua peke yake kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na baada ya hapo akina mama wakaanza kulia upande wa chini wa mlima. Nsimire alisimama. Hakuna aliyekuwa amesema lolote. Akatoka mlangoni na mfuko wake wa masomo mgongoni, bila kuomba ruhusa, mtoto ambaye hata chooni aliomba ruhusa mara mbili. Nilimfuata mbio, sandali zikabaki katika tope.

Nimeambiwa na watu wengi kwamba mtu hasahau alichokiona siku kama ile. Mimi nilichokiona kwanza ulikuwa mparachichi. Ulikuwa umesimama wima, na matunda yake, na kamba ya nguo imefungwa bado, nguo ziko juu yake, ila ulikuwa umesimama mbele ya nyumba ya jirani wa chini, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mti. Mti ulikuwa umeteremka mlima umesimama. Niliutazama muda mrefu kuliko inavyofaa, akili imekataa. Ndipo nikageuka nitafute nyumba, na hapakuwa na nyumba, kulikuwa na tumbo jekundu la mlima, limefunguliwa, linatoa maji. Wanaume walichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa vipande vya manjanja. Walimtoa mama mchana, na mtoto mdogo amefungwa mgongoni kwa kitenge, fundo halijalegea. Wa pili alikuwa karibu nao. Baba alifika kutoka kwa mapadri na aproni ya jikoni bado kiunoni.

Kwenye kilio chao nilikuwa namimina chai. Niliona ni kazi ninayoiweza. Nikasikia wanawake wawili nyuma yangu. Mmoja alisema, "Siku ya Jumanne nilipita pale, mizigo yote ilikuwa imefungwa. Alikuwa anaenda Nyantende na batoto." Mwingine akauliza, "Na nani alimurudisha mu nyumba?" "Bwana yake." Wakatikisa vichwa. Niliwaza: kumbe kulikuwa na ugomvi wa bwana na bibi. Nikamimina chai. Mimi, mwalimu wa kutazama, nilikuwa nimepewa kitu kizima mkononi nikakiweka chini. Baada ya wiki moja baba alimchukua Nsimire, wakahamia Nyantende, nje ya mji, kwa ndugu yake, na dawati lake likakaliwa na mtoto wa kivuli cha kanisa. Kaye za kutazama nilizifunga. Niliwaambia watoto programu imebadilika, tukarudi kwenye jicho la ng'ombe.

Na hapo ndipo nilipotengeneza neno langu la kujitetea. Sikuwa mjinga kabisa. Nilijua namba nilizozifuta. Lakini kufikia wiki ya pili nilikuwa nimekwisha kusema hivi: hata kama kaye ingesema kweli, nani angesikia? Mtoto wa miaka kumi, msichana, na kidole chake. Katika Kadutu ya nyufa elfu, ni mzazi gani angehamisha nyumba kwa sababu ya kaye ya masomo? Ilikuwa hoja nzuri. Nilifundisha miaka thelathini na mbili nikiwa nimesimama juu ya hoja ile. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi wajukuu wangu nimewalea vizuri na hoja ile ikiwa imekaa nasi mezani, imetulia, inakula.

Basi Ijumaa ile, kwenye kilio cha direkta, Nsimire aliweka mfuko wake juu ya magoti na hakuzunguka. Alisema baba yake alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo amekuwa akinitafuta, akaambiwa kwenye kilio hiki nitakuwepo. "Niko na kitu moja ya kukuambia, Madame," alisema. "Niko nayo tangu zamani. Nataka unisamehe." Nikafikiri sijasikia vizuri. Nikauliza nimsamehe yeye kitu gani.

"Ile Jumanne mama alikuwa amefunga mizigo. Miye njo nilimuambia. Aliingiza mukono yake mwenyewe mule, akaona ni kweli, akasema tunaenda, hatungoje. Papa akarudi jioni, akakuta mizigo. Akasema hawezi kuacha nyumba yake juu ya maneno ya mutoto. Akasema, lete kaye ya masomo, usome." Alisema haya akitazama mfuko, siyo uso wangu. "Nilikuwa na zote mbili, Madame. Ya brouillon ilikuwa chini ya kitanda. Lakini inspekta alikuwa ameinua ile ya propre, na wewe uliisaini. Nikasoma ile. Kidole kimoja, kidole kimoja, mpaka mwisho. Papa hakujua kusoma, lakini wino nyekundu aliijua. Akaweka kidole juu ya jina yako, akauliza, huyu ni mwalimu? Nikasema ndiyo. Akamuambia mama: mutoto anaweza kukosea, mwalimu hawezi. Akafungua mizigo yeye mwenyewe. Mama akawasha moto. Akapika." Akakunja mdomo wa mfuko. "Nilijua niko nasoma uongo. Mpaka kufa papa alisemaka, kaye ya masomo njo ilisema tubakie. Sikumuambia. Sasa unisamehe, juu ya miye nilikuwa na ile ingine chini ya kitanda na nikaiacha."

Watu walikuwa wanapita na sahani. Mtu alinigusa bega akaniuliza kama nataka maji. Yule mtoto niliyesema hakuna angemsikia, alikuwa amesikilizwa. Mama yake alimsikiliza, alifunga mizigo, kanga na sufuria na kibuyu cha mashanza, na mlango ulikuwa wazi. Sahihi yangu yenye mkia mrefu ndiyo iliyoufunga. Na mtoto wa watu amebeba jambo langu tangu miaka kumi mpaka mvi, akidhani ni lake, kisha akapanda gari kutoka Nyantende kuja kuniomba mimi msamaha. Nilihisi haya ambayo sijui jina lake kwa lugha yoyote. Nilimwambia, na sauti ilitoka mbaya, "Nsimire, wewe ulisoma kile kimeandikwa. Miye njo niliandikisha. Nilijua namba za kweli, nikakuambia uzitoe. Sikufika hata siku moja kuona ule ufa. Kutoka masomo mpaka kwenu ilikuwa dakika kumi." Akafungua mfuko, akatoa kaye ile ya propre. Ilikuwa mgongoni mwake siku ile, ndani ya mfuko wa masomo, ndiyo maana ilibaki. Karatasi imekuwa rangi ya chai, wino wa bluu umefifia. Wino mwekundu haukufifia.

Nikamwomba biki. Alikuwa nayo, ya bluu. Nikasukuma sahani pembeni, nikafuta meza kwa kitenge changu, nikafungua ukurasa wa mvua za mwaka mpya. "Unakumbuka namba?" nikauliza. Akasema, "Zote." Nikamwambia anisomee, polepole, kama imla. Akafunga macho. Akasema kidole kimoja na nusu, nikakata kidole kimoja, nikaandika kimoja na nusu. Akasema viwili. Nikaandika. Akasema kimoja, kisha akasita, kama mtoto anayeogopa. "Sema," nikamwambia. "Papa ameziba na udongo," akasema, nami nikaandika pembeni, herufi kubwa: papa ameziba na udongo. Tulienda hivyo ukurasa kwa ukurasa. Watu wa kilio walidhani tunaandika orodha ya michango. Vidole viwili na nusu, papa ameziba, kimoja, vidole vitatu. Tulipofika mstari wa mwisho, ule wa Jumapili, ulio juu kidogo ya Très bien, alifungua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hii nilianza kukuambia," alisema.

"Malizia."

Akapandisha mkono wa blauzi yake, akaweka vidole vya mkono wa pili juu ya kiwiko. "Mukono, Madame. Wote. Mpaka hapa."

Nikaandika: mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikakata Très bien, nikakata ile sahihi, na chini yake nikaandika jina langu upya, herufi moja moja, bila mkia.